Vipimo vya damu ukiwa kwenye ARV: namna ya kuvifuata mpaka jibu likufikie mkononi

Mama mmoja wa Likoni alikuja dirishani kwetu asubuhi, jua halijapanda, akafungua fundo la leso yake. Mlikuwa na vikaratasi vitatu vilivyokunjwa vikawa vidogo kama hirizi. Akavipanga juu ya kaunta kimoja kimoja.

"Hii ya mwaka juzi. Hii ya mwaka jana. Na hii ni tarehe niliyotolewa damu mwezi wa tatu. Jibu lake sijaliona, mwanangu. Liko wapi?"

Huo ulikuwa mwezi wa saba. Nilitafuta kwenye kompyuta nikalikuta: sampuli imekataliwa, damu iliganda. Ilikataliwa siku chache tu baada ya kutolewa, na katika kituo kile nilichokuwa nikifanya kazi hakuna hata mmoja wetu aliyempigia simu. Miezi minne ilipita, sisi tukidhani jibu lipo, na yeye akidhani kimya ni heri. Nilimwomba radhi. Akatoa mkono, akasema, "Haya, toa nyingine, lakini mara hii niambie nirudi lini."

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya swali lake. Ni wako wewe unayemeza dawa, au unayemsindikiza mzazi, mwenzi au mtoto kliniki hapa Mombasa. Uamuzi wa kubadilisha dawa ni wa daktari wako, lakini kujua damu yako ilikwenda wapi na ilirudi na nini ni haki yako, na ukiisimamia unaokoa miezi.

Hatua ya 1: Anzisha daftari

Daftari dogo la shuleni latosha. Kila kipimo kipate mstari wake: tarehe uliyotoa damu, kipimo gani, tarehe jibu lilipotoka, namba yenyewe, na tarehe ya kipimo kijacho. Kwenye ukurasa wa kwanza andika namba yako ya CCC (kliniki ya VVU), majina ya dawa unazotumia na siku uliyozianza. Ukiwahi kubadilishiwa dawa, andika ni lini na kwa nini.

Kama nyumbani hawajui hali yako, usiandike neno VVU popote. Weka herufi moja kwa kila kipimo unayoielewa mwenyewe, au hifadhi kwenye simu yenye namba ya siri. Nimeona mtu aliyeandika matokeo yake yote nyuma ya daftari la madeni ya duka lake la Kongowea, namba za virusi zikiwa kati ya kilo za sukari na unga, na hakuna aliyewahi kushuku.

Hatua ya 2: Jua vipimo vya mwanzo

Unapogundulika, au unaporudi kliniki baada ya kuacha dawa muda mrefu, damu hutolewa kwa mambo kadhaa kwa pamoja. Kikubwa ni CD4, hesabu ya chembe za kinga ambazo virusi huzishambulia. Ikiwa chini ya 200, kinga imeshuka sana na kuna vipimo viwili usikubali kutoka bila kuvifanya: cha damu kinachotafuta kuvu aitwaye kriptokoka, anayeleta homa ya uti wa mgongo, na cha mkojo kinachotafuta kifua kikuu. Vyote viwili ni vya haraka na jibu hutoka siku hiyo hiyo. Mtoto wa chini ya miaka mitano aliyegundulika na VVU huhesabiwa kuwa yuko katika hatari hiyo hata kama CD4 yake inaonekana nzuri.

Zaidi ya hapo kuna kreatinini kwa ajili ya figo, kiwango cha damu mwilini, sukari, homa ya ini ya aina B, kaswende, na kipimo cha mimba kwa mwanamke. Homa ya ini B nataka uielewe. Tenofoviri na lamivudini, dawa mbili kati ya tatu zilizo ndani ya kidonge cha ARV kiitwacho TLD, huizuia pia hiyo homa ya ini. Mtu mwenye B akiondolewa dawa hizo bila mpango, ini linaweza kuwaka ghafla. Jibu hilo liandike kwa wino mzito.

Usisubiri majibu yote yarudi ndiyo uanze ARV. Wengi huanza siku ile ile au ndani ya siku chache. Anayecheleweshwa ni yule mwenye dalili kama kuumwa kichwa kusikokoma, shingo kukakamaa au kikohozi kinachotia shaka, ili ugonjwa huo utibiwe kwanza.

Hatua ya 3: Jua zamu yako ya wingi wa virusi

Hiki ndicho kipimo kikuu. Kliniki utasikia wakikiita vairo lodi. Kinahesabu nakala za virusi katika mililita moja ya damu na kinaonyesha kama dawa inafanya kazi miezi mingi kabla mwili haujaonyesha dalili yoyote. CD4 hupanda polepole na hushuka kwa sababu nyingi, hata mafua, ndiyo maana siku hizi haipimwi mara kwa mara kwa mtu ambaye virusi vyake vimedhibitiwa.

Kwa utaratibu wa Kenya, kipimo cha kwanza hufanywa miezi 3 baada ya kuanza dawa au kubadilishiwa dawa. Kisha, kwa mwenye miaka 25 na zaidi aliyedhibiti virusi, ni mara moja kwa mwaka. Watoto na vijana hadi miaka 24 ni kila miezi 6, kwa sababu umri huo dawa hurukwa kwa urahisi: shule ya bweni, aibu, kuchoka. Mama mjamzito aliyekuwa tayari kwenye dawa hupimwa mara tu mimba inapothibitishwa, na aliyeanza dawa akiwa mjamzito hupimwa miezi 3 baadaye. Wote wawili huendelea kila miezi 6 mpaka wamalize kunyonyesha.

Mtoto wa mama huyo naye ana zamu zake, na hapa sibembelezi: kipimo cha PCR, kinachotafuta virusi vyenyewe kwenye damu, akiwa na wiki 6, miezi 6 na miezi 12, kisha kipimo cha kingamwili akiwa na miezi 18. Anayepimwa wiki ya 6 akaonekana salama bado ananyonya, kwa hiyo safari haijaisha.

Zamu yako ikifika na usiitwe, sema mwenyewe: "Mwezi huu ni zamu yangu ya vairo lodi." Tangu Januari 2025, Marekani ilipositisha misaada mingi ya nje, huduma za VVU nchini zimeyumbishwa, na katika baadhi ya vituo kliniki ya CCC imeunganishwa na foleni ya wagonjwa wa kawaida. Nesi anayekuhudumia leo huenda hakujui kwa miaka kama yule wa zamani. Daftari lako ndilo linalokujua.

Hatua ya 4: Siku ya kutoa damu

Kwa wingi wa virusi na CD4, kula, kunywa maji na kumeza dawa kwa saa yako ya kawaida. Wako wanaoruka kidonge asubuhi ya kipimo wakidhani dawa "itaficha" ukweli. Usifanye hivyo. Kinachotafutwa ni kujua hali yako ukiwa unameza. Njaa inahitajika kwa kipimo cha mafuta ya damu na mara nyingine cha sukari, na utaambiwa mapema. Hata hapo maji unakunywa, na kidonge humezwa isipokuwa umeelezwa vingine.

Ramadhani watu huniuliza sana. Kidonge cha mara moja kwa siku humezwa wakati wa futari au daku, saa ile ile kila siku, na zamu ya kipimo haina haja ya kungoja Idi. Damu ya kipimo ni kidogo, mililita nne hivi kwa chupa. Mwenye wasiwasi na saumu yake azungumze na shehe wake kabla, asiahirishe kimya kimya. Kipimo cha figo tu ndicho ningependa kifanywe ukiwa umekunywa maji ya kutosha tangu usiku, kwa sababu mwili uliokauka unaweza kupandisha kreatinini kidogo.

Nenda mapema. Sababu yake ni barabara na jua. Damu ya vairo lodi hutakiwa izungushwe kwenye sentrifuji ndani ya saa 24 ili yale maji ya manjano, plazma, yatengwe na chembe. Vituo vingi vidogo hukusanya sampuli asubuhi na kuzisafirisha kwa pikipiki hadi maabara kubwa. Ya hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, ile wenyeji wanayoiita Makadara, ni mojawapo ya maabara zinazopima wingi wa virusi nchini. Ukifika saa tano, kisanduku cha baridi kimeshaondoka. Damu yako italala, na kama ni msimu wa kaskazi, hapa tunajua chumba kisicho na umeme kinakuwaje saa nane mchana.

Ukishakaa kwenye kiti, angalia mambo haya. Chupa ya wingi wa virusi na CD4 ina kifuniko cha zambarau, na ndani yake mna dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa hiyo hufanya kazi ikichanganyika tu. Baada ya damu kujaa hadi kwenye mstari, chupa hugeuzwa juu chini polepole, mara nane hadi kumi. Haitikiswi kama chupa ya soda, maana kutikisa huvunja chembe. Chupa ikiwekwa tu mezani huku mhudumu akimwita mwingine, vipande vidogo vya damu iliyoganda huanza kujiunda, na ndivyo ilivyomkuta yule mama wa Likoni. Ukiona imeachwa, sema kwa upole: "Dada, tafadhali igeuze hiyo yangu." Hakuna mtaalamu mwenye moyo wa kazi atakayekasirika.

Kisha soma kibandiko kabla hujainuka. Namba yako ya CCC, tarehe, umri. Linganisha na fomu. Tarakimu moja ikitofautiana, maabara hulazimika kuikataa, na ikiwa haikukataliwa ni vibaya zaidi, kwa sababu jibu litaenda kwa mwenzako. Fomu nayo iwe na jina la dawa zako na sababu ya kupima: zamu ya kawaida, mimba, au marudio.

Kwa watoto wachanga, na mahali pasipo sentrifuji, damu hudondoshwa kwenye karatasi nene yenye duara tano. Kila duara lijae tone moja kubwa lililopenya upande wa pili. Pwani adui wa karatasi hii ni unyevu wa hewa. Huachwa ikauke kivulini kwa saa kadhaa, mara nyingi usiku kucha, kisha hufungwa kwenye mfuko pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu na kadi ndogo inayogeuka kutoka buluu kuwa waridi unyevu ukiingia. Kuianika juani ili ikauke haraka ni kuiharibu. Na ujue kwamba kwa namba ndogo ndogo karatasi haioni vizuri kama plazma.

Kabla ya kuondoka uliza: "Jibu nije kuulizia lini?" Andika tarehe utakayoambiwa.

Hatua ya 5: Lifuate jibu

Baada ya wiki mbili anza kuulizia, kwa simu kama kituo kinapokea simu, au kwa kupita. Uliza hivi hivi: "Sampuli yangu ya tarehe fulani imefika maabara? Imepokelewa au imekataliwa?" Swali la "majibu yametoka?" hujibiwa "bado", na "bado" inaweza kuwa na maana ya kwamba iko mashineni, au kwamba ilitupwa zamani. Ukiuliza kuhusu kukataliwa, mhudumu analazimika kufungua ukurasa mwingine kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa nikiufungua mara chache mno, mpaka siku ile ya vikaratasi vitatu.

Ikiwa imekataliwa, toa damu nyingine siku hiyo hiyo. Usikubali kuambiwa usubiri zamu ya mwakani.

Hatua ya 6: Isome namba

Karatasi inaweza kuwa na herufi LDL badala ya namba. Nilikutana na bwana mmoja aliyeacha nazi miezi miwili kwa sababu alisoma mtandaoni kwamba LDL ni mafuta mabaya ya damu. Kwenye karatasi ya vairo lodi, LDL maana yake virusi viko chini ya kiwango ambacho mashine inaweza kukiona. Ni jibu zuri kuliko yote. Alirudia mchuzi wake wa nazi wiki ile ile.

Chini ya nakala 50: virusi vimedhibitiwa, endelea vivyo hivyo. Kuanzia 50 hadi 199: hali bado ni nzuri, ila zungumza na mshauri uone kama kuna vidonge vinavyorukwa. Kuanzia 200 hadi 999: virusi vinaonekana kwa kiwango kidogo na vinahitaji kufuatiliwa kwa karibu. Kuanzia 1,000 kwenda juu: matibabu yanashukiwa kushindwa. Kuanzia 200, hatua ya 7 ni yako.

Usihesabu kwa tarakimu moja moja. Kutoka 20 kwenda 45 si kupanda. Kipimo chenyewe huyumba, na tofauti isiyofika mara tatu haina uzito. Maradhi makali, kama malaria, yanaweza kuinua namba kwa muda. Kwa upande mwingine, aliyeanza na 400,000 akafika 900 baada ya miezi 3 amefanya kazi kubwa, ingawa bado hajafika.

Na jambo hili liseme kwa mwenzi wako ukiwa umeliamini: anayemeza dawa vizuri na virusi vyake havionekani hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Shirika la Afya Duniani limelisema hilo wazi, na lilitokana na tafiti zilizofuata maelfu ya wapenzi. Kwa kunyonyesha, hatari hushuka sana lakini haifiki sufuri, ndiyo maana mtoto anapewa dawa za kinga na kupimwa.

Hatua ya 7: Namba ikiwa 200 au zaidi

Usijifiche. Ninajua wanaoacha kliniki kwa kuogopa kukaripiwa, na ukaripiwe au usikaripiwe, virusi vinaendelea kuzaana. Utapangiwa vikao vya ushauri kwa miezi 3 hivi, kisha damu itolewe tena. Miezi hiyo ina sababu: dawa ikimezwa vizuri kila siku, virusi visivyo na usugu kwa dawa vitashuka. Visiposhuka, tatizo si wewe tena.

Kwenye vikao sema ukweli wote, hata usioonekana kuhusika. TLD ina dolutegraviri, na dawa hiyo hunaswa tumboni na dawa za kiungulia zenye magnesi au aluminiamu, vidonge vya chuma na vya kalsiamu. Mama mjamzito anayemeza kidonge cha chuma pamoja na TLD kwa glasi moja ya maji anaweza kuwa hajakosa hata siku moja na bado namba yake ikapanda. Kidonge cha ARV kimezwe saa 2 kabla ya hivyo vingine, au saa 6 baada yake. Aliye kwenye dawa za kifua kikuu zenye rifampisini huhitaji dolutegraviri mara mbili kwa siku. Kama humezi hivyo, uliza leo. Taja pia dawa za miti shamba, kazi ya usiku bandarini, safari ndefu za lori, na mwenzi asiyejua.

Marudio yakirudi chini ya 200, umerudi njiani. Yakirudi 1,000 au zaidi, timu ya madaktari itaangalia kubadilisha dawa, na kwa aliye kwenye dolutegraviri kwa kawaida hutakiwa kwanza kipimo cha usugu kinachosoma virusi vyenyewe na kuonyesha dawa gani bado zinaviweza. Kipimo hiki hufanywa ukiwa bado unameza dawa, kwa hiyo usiziache ukingojea.

Hatua ya 8: Vipimo vya kulinda mwili

Hapa nitapita haraka. Uliye kwenye tenofoviri, pima kreatinini angalau mara moja kwa mwaka. Dolutegraviri huipandisha kreatinini kidogo katika wiki za mwanzo bila kuumiza figo, basi usishtuke na badiliko dogo. La kushtukia ni linaloendelea kupanda. Kinachoumiza figo kweli ni kujinunulia diklofenaki duka la dawa kila mgongo ukiuma. Aliye kwenye zidovudini apimwe kiwango cha damu, hasa miezi ya mwanzo, kwa kuwa inaweza kuipunguza. Atazanaviri inaweza kufanya macho yawe manjano bila ini kuwa na ubaya, lakini usijihukumu mwenyewe, pimwa. Sukari pimwa kila mwaka, na ukiwa unatumia metifomini mwambie daktari, maana dolutegraviri huiongeza kwenye damu. Mwanamke achunguzwe mlango wa kizazi. Saratani hiyo huwapata zaidi wanaoishi na VVU na hutibika ikiwahiwa.

Hatua ya 9: Ukihama au ukisafiri

Ukienda Kilifi, Kwale au bara kwa muda unaozidi dawa ulizo nazo mkononi, omba barua ya uhamisho yenye namba ya CCC, dawa zako, jibu la mwisho la wingi wa virusi pamoja na tarehe yake, na matokeo ya homa ya ini B. Piga picha barua hiyo. Ukiwa na sampuli ambayo jibu lake halijatoka, andika kwenye daftari namba ya simu ya kituo unachokiacha na jina la kituo unachokwenda, uwape pande zote mbili. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti VVU inalinda siri ya matokeo yako, hivyo kituo kipya kikiyahitaji, yapitie kwako au kutoka kliniki hadi kliniki. Jirani au dereva wa matatu asibebeshwe bahasha isiyofungwa.

Yule mama wa Likoni alirudi siku tuliyoiandika. Karatasi ilisema LDL. Aliikunja, akaiweka juu ya zile mbili, akafunga fundo, kisha akalifungua tena ili nimwandikie tarehe ya mwakani.